Zuleha, Mbetawi wa Ibra

Miezi sita ya mwanzo aliyokaa Ibra, mji wa Oman, Zuleha alikuwa na hakika kwamba anajifunza Kiarabu.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili alipokuja kutoka Condet, mtaa wa pembeni mwa Jakarta ambako watu bado walikuwa na miti ya matunda nyuma ya nyumba zao. Aliletwa kumtunza Bi Mwanabaraka, mjane aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Bi Mwanabaraka alizaliwa Malindi ya Unguja, akahamia Oman na mumewe miaka ya sabini, na tangu hapo Kiarabu alikitumia kwa sala na kwa kugombana na muuza samaki. Nyumbani mwake kilisemwa Kiswahili tu, tena Kiswahili cha mjini cha zamani, kila neno limekaa mahali pake kama vikombe kabatini.

Zuleha angejuaje? Masikio yake ndiyo yaliyomponza. Kwao mtu akikujulia hali husema "apa kabar", na hapa bibi alimuuliza "habari gani". Kwao karatasi ni kertas, akili ni akal, meza ni meja. Dunia ni dunia, na bendera ni bendera vile vile. Akawaandikia kwao kwamba Kiarabu kimesingiziwa ugumu bure. Jambo moja tu lilimtatiza. Condet, kwa sababu ya Waarabu waliohamia zamani, watu husema "ane" kwa maana ya mimi na "ente" kwa maana ya wewe, na hapa katika nyumba ya Waarabu wenyewe hakumsikia mtu akisema hivyo. Akajiambia labda kile cha kwao ni Kiarabu cha washamba.

Jumatano moja Bi Mwanabaraka akamtuma soko la wanawake, lile la Ibra ambalo mwanamme haingii, akanunue uzi na ubani. Zuleha akaenda kifua mbele. Akasimama mbele ya mama mmoja aliyevaa barakoa, akasema kwa ufasaha wake wote:

"Shikamoo, mama. Nipatie uzi mweusi, na ubani ulio mzuri, usinipe wa vumbi."

Yule mama akamtazama tu. Zuleha akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani mwenzake ana uziwi. Mama akamwita jirani yake, jirani akamwita wa tatu, wote wakasimama wanamtazama mdomo. Zuleha akarudia tena, polepole, kama anayemsomesha mtoto wa chuoni. Hapo fundi mmoja wa kushona, Bi Kuruthum, aliyekuwa ametandaza vitambaa vyake upande wa pili, akaangua kicheko hata akakaa juu ya bidhaa zake mwenyewe.

"Mwanangu," akamwambia huku akijifuta machozi, "nani kakufunza Kiswahili kizuri namna hiyo?"

"Kiswahili ni nini?" akauliza Zuleha.

Alirudi nyumbani amefura. "Bibi! Miezi sita wanifunza lugha gani?"

"Lugha ya watu," akajibu Bi Mwanabaraka bila kuinua macho kwenye tasbihi yake. "Hukuniuliza, nami sikusema. Haya, uzi uko wapi?"

Zuleha alitaka kukasirika siku nzima, lakini hasira ikamshinda kuishika. Kufika adhuhuri walikuwa wanacheka wote wawili, na tangu siku ile Bi Mwanabaraka hakumwita tena "msichana". Alimwita "mwanangu".

Bi Mwanabaraka alikuwa na mtoto wa dada yake, Abdulsamad, fundi wa umeme kwenye mtambo wa gesi karibu na Sur. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila Alhamisi alasiri alikuja Ibra, na Ijumaa hula chakula cha mchana kwa mama yake mkubwa. Ijumaa moja alikuta wali wa nazi ambao haukuwa ule aliozoea. Ulikuwa na mchaichai ndani yake, na juu yake vitunguu vilivyokaangwa vikakauka, na pembeni kipande cha yai. Akala sahani moja, akala ya pili. Bi Mwanabaraka akasema wali gani huu wenye majani kama dawa ya kikohozi. Abdulsamad akala ya tatu.

"Huu waitwaje?" akauliza.

"Nasi uduk," akajibu Zuleha. "Wa kwetu, sisi Wabetawi."

Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza, na kwa mwaka mzima uliofuata kila Ijumaa aliuliza moja tu. Bi Mwanabaraka, aliyejua kuhesabu, akaona kwa mwendo huu ataingia kaburini kabla ya kijana kufika penyewe. Akamshika Abdulsamad mkono mlangoni akamwambia, "Ikiwa wataka kuoa, sema. Ikiwa wataka wali, nitakuandikia namna ya kuupika." Abdulsamad akasema. Karatasi za ruhusa zilichukua miezi mingi, lakini nikaha ilifungwa, na mwaka wa pili akazaliwa Mazoon, mtoto wao wa pekee.

Mazoon alikua na lugha tatu, hata moja asiisimamishe peke yake. Akasomea uuguzi, akapata kazi katika hospitali moja ya Nizwa, na huko ndiko alikomjua Laith, mfamasia, kijana mpole mwenye kuongea na wagonjwa wazee kama wajukuu wanavyoongea. Familia yake ni watengeneza halua wa Nizwa, baba kwa babu. Mwaka jana, baada ya Idi, wakaja Ibra kuposa.

Wanaume walikaa barazani na Abdulsamad. Wanawake waliingia kwa Zuleha: Bi Wadha, bibi yake Laith, mzito, mwenye fimbo na macho yasiyokosa kitu, pamoja na mabinti zake wawili. Walileta bakuli kubwa la shaba limejaa halua. Wakanywa kahawa, wakamsifu Mazoon, wakauliza afya ya kila mtu. Kisha Bi Wadha akaweka kikombe chini.

"Baba wa bibi harusi tunamjua," akasema kwa Kiarabu. "Ukoo wake tunaujua, na waliokwenda Zanzibar na waliorudi. Wewe, mama yake, watu wako ni kina nani?"

"Mimi Mbetawi," akasema Zuleha.

"Badawi?" Bi Wadha akamtazama juu mpaka chini. "Bedui wewe? Wa wapi? Jangwa la Wahiba?"

Mabinti wakazuia kicheko. Zuleha naye akacheka, na kwa kuwa kicheko kilimlegeza, akaeleza yote kama alivyoelezwa na babu yake, yule wanayemwita engkong, aliyemlea.

Akasema kwao ni mji wa bandari. Waholanzi waliuteka miaka mia nne iliyopita, wakauita Batavia, na wenyeji wakalitafuna jina hilo mpaka likawa Betawi. Mji ulitaka watu, na watu wakaja kutoka kila upande. Walikuja Wachina wafanyabiashara. Walikuja Waarabu wa Hadhramaut na vitabu vyao. Walikuja watu wa Java na wa Sunda kutoka bara, na Wamalayu wa visiwani. Na wengine, akasema Zuleha, hawakuja kwa hiari yao. Waholanzi waliwaleta ndani ya meli kutoka Bali, na Makassar, na pwani za Bara Hindi, kama watumwa. Wote hao wakaoana, wakachanganya vyakula vyao na ngoma zao, wengi wakashika dini moja, na lugha ikawa moja, Kimalayu kilichorukiwa na cheche za kila moto.

"Ikafika siku," akamaliza, "mjukuu akiulizwa wewe nani, hana la kusema ila mimi mtu wa hapa, Mbetawi. Ndio sisi hao. Katika mababu zangu wanane wamo wajukuu wa walioletwa kwa kamba, na yumo mmoja aliyekuja na Msahafu kwapani. Wote wangu."

Bi Wadha alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili, anatazama zulia. Mabinti zake walipoona mama yao amenyamaza, nao wakanyamaza. Baada ya muda Bi Wadha akasema, "Allah awarehemu wote," akainuka. Fatiha haikusomwa siku ile. Kule barazani Khalaf, baba yake Laith, aliambiwa neno sikioni, akamwambia Abdulsamad kwa adabu, "Tutawajulisheni."

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na hapakuwa na simu.

Mazoon alipiga kutoka Nizwa analia. "Mama, lazima ilikuwa kusema kila kitu? Maneno ile ya watumwa, kwa nini umesema? Wallahi, Mama, hapa watu hawasemi vitu kama hivyo!"

"Waliniuliza, mwanangu."

"Waliuliza, wewe ungesema Indonesia, khalas!"

Zuleha akaweka simu chini, akabaki amekaa jikoni na mikono mitupu. Hakuwahi kuionea haya asili yake, lakini haya za mtoto wake zilimchoma kuliko za mtu mwingine yeyote. Abdulsamad alikaa karibu naye, akamwambia yeye angemwoa tena kesho asubuhi. Hayo kwa Abdulsamad yalikuwa hotuba.

Bi Mwanabaraka, sasa mwenye miaka themanini na sita, akamwita chumbani kwake. Alikuwa amelifikiri jambo na kulimaliza.

"Nisikilize. Si ulinambia babu wa mama yako alikuwa Mhadhrami, sharifu wa Shihr?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi jambo limekwisha. Tutapeleka maneno Nizwa kwamba Zuleha ni kitukuu wa sharifu, na huo si uwongo. Yule sharifu ataingia Nizwa kichwa juu. Hao wengine wabaki zao Jakarta, hakuna atakayewafuata."

Zuleha akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Ilikuwa njia nyepesi. Neno moja tu, tena la kweli, na mtoto wake angeacha kulia.

"Bibi," akasema mwisho, "ninao wanane. Nikimkalisha mmoja barazani nikawafungia saba jikoni, hao saba nitawaambia nini? Na Mazoon atawaambia nini wanawe? Sitaki, bibi. Unisamehe."

Bi Mwanabaraka akasema, "Kichwa chako kigumu kama fuu la nazi." Alilisema kwa sauti ya mtu aliyefurahi kushindwa. "Haya, na bakuli lao je? Liko jikoni wiki ya tatu hii. Chombo cha watu hicho, na chombo hakirudi kitupu. Unga, sukari, chochote. Wasije wakasema watu wa Ibra hawana adabu."

Zuleha alitoka nalo hilo kichwani. Kumrudishia mtu bakuli lake si kubembeleza. Ni ada, na ada haina haya. Akaamua kulijaza dodoli.

Dodoli ya Wabetawi ni tamu inayopikwa Condet kila Ramadhani inapokwisha. Ni unga wa mchele wa kunata, tui zito la nazi na sukari guru, ndani ya karai pana, juu ya moto wa kuni. Mapishi yenyewe hayana siri. Shida yake ni mkono, kwa sababu ukianza kukoroga huachi. Ukiacha kidogo tu, chini inaungua na karai zima linanuka moshi. Ijumaa ile Zuleha aliwasha moto uani baada ya sala ya alfajiri. Kufika saa nne asubuhi uji ulikuwa umeanza kushika mwiko. Abdulsamad akapokea, akakoroga nusu saa, akaenda msikitini akamshukuru Mungu kwa kuumba Ijumaa. Zuleha aliswali adhuhuri yake haraka huku Bi Mwanabaraka ameushika mwiko kwenye kiti chake, anakoroga kwa mkono mmoja na kulalamika kwa mdomo. Ilipofika alasiri dodoli ilikuwa nyeusi inayong'aa, inajivuta kama ngozi, na viganja vya Zuleha vimetoka malengelenge.

Jumamosi Abdulsamad akamwendesha mpaka Nizwa, mwendo wa saa mbili na zaidi. Karakana ya halua ilikuwa nyuma ya soko, mlango wazi, mvuke wa zafarani na maji ya waridi unatoka nje mpaka njiani. Ndani wanaume wawili walikuwa wanakoroga masufuria makubwa kwa mapau marefu, na pembeni, kwenye kiti cha plastiki, ameketi Bi Wadha na fimbo yake anawasimamia. Khalaf alipomwona Zuleha alishtuka, akaanza kusafisha mikono ambayo haikuwa michafu.

"Salamu alaykum," akasema Zuleha. "Nimewaletea bakuli lenu."

"Ya Zuleha, ungeacha tu, tungetuma mtu..." akaanza Khalaf.

"Lete hapa," akasema Bi Wadha.

Akafunua kitambaa. Akakata kipande kwa ncha ya kisu, akakinusa, akakitia mdomoni, akatafuna taratibu macho amefumba. Wale wakorogaji wawili walipunguza mwendo ili wasikie atakachosema.

"Hii imekorogwa kwa muda wa saa ngapi?"

"Tisa, pamoja na ya kuwasha moto."

"Tisa! Na nani?"

"Mimi. Na mume wangu, mpaka alipokumbuka ana sala."

"Nioneshe mkono."

Zuleha akamwonesha. Bi Wadha akayatazama yale malengelenge, akamgeukia mwanawe. "Khalaf! Halua yetu saa mbili, na watu wako hawa kila saa wanaomba kupumzika. Tazama mkono wa mwanamke." Kisha akapiga fimbo kwenye kiti kilicho karibu naye. "Kaa."

Zuleha akakaa. Bi Wadha alikata kipande kingine kwanza.

"Bibi yangu mzaa mama," akasema, "aliletwa Nizwa akiwa mdogo, kutoka ng'ambo, pwani ya Makran. Nani alimleta na kwa njia gani, hakuna aliyesema. Alikuwa na wimbo mmoja wa kulaza watoto, wenye maneno tusiyoyajua hata mmoja wetu. Tukimuuliza maana yake, asema nimesahau. Hakusahau. Akiona haya. Amekufa, na mpaka leo sijui mama yake alikuwa akiitwa nani." Akakiweka kisu chini. "Siku ile kwenu, ulipokuwa unawataja watu wako mmoja mmoja, mimi nilikuwa namfikiria yeye. Nikashindwa kusema. Wanangu wakaniona nimenyamaza, wakadhani nimechukia. Wakamwambia Khalaf. Nami nikarudi hapa, miguu ikanilaza wiki mbili. Niliposimama, nikakuta wameshaniamulia."

Zuleha hakujua acheke au alie. Akafanya yote mawili kidogo kidogo.

"Mama," akasema Khalaf, uso umemwiva, "tulisema tutaulizia kwanza habari za..."

"Nimeshaulizia. Nimemuuliza mwenyewe, na amenijibu kuliko nilivyouliza. Ijumaa twende Ibra tukasome Fatiha. Na wewe, mwambie Laith aache kukonda, nguo zote zinampwaya."

Siku Fatiha iliposomwa, wakapanga harusi iwe mwezi wa Desemba, jua linapopoa. Khalaf, aliyekuwa bado na deni la aibu, akamuuliza Zuleha kama upande wa mama una ada yoyote watakayopenda itimizwe. Aliuliza kwa ustaarabu, akitarajia kuambiwa hakuna.

"Iko moja," akasema Zuleha. "Kwetu bwana harusi haingii kwa bibi harusi hivi hivi. Mlango hufungwa. Mbele yake husimama mlinzi. Upande wa bwana harusi lazima ujibu mashairi ya mlinzi, upigane naye umwangushe, kisha bwana harusi asome Qur'ani. Hapo mlango hufunguliwa."

"Apigane?" Khalaf akamtazama Laith, aliyekuwa amevaa miwani na kushika sahani ya tende. "Huyu?"

"Si lazima yeye. Mtu wenu yeyote. Na mlinzi ada yake ni kuanguka."

Bi Mwanabaraka aliposikia akapiga makofi. "Ala! Na Unguja si ndiyo hiyo hiyo? Mlango hufungwa na makungwi wa mwari, bwana harusi hubembeleza mpaka jasho limtoke! Ila sisi hatukuwa na akili ya kumpiga."

Mlinzi akaletwa kutoka Condet kwa ndege. Alikuwa Rojali, kaka yake Zuleha, mwalimu wa silat, mchezo wa kupigana wa kwao, mwanamme wa miaka hamsini na tano mwenye tumbo la mviringo na miguu ya paka. Hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Siku ya pili tu alikutwa amekaa na Bi Mwanabaraka uani, huyu anasema Kibetawi, huyu anasema Kiswahili, wote wawili wanacheka mahali panapostahili.

Jambo lililompa Zuleha taabu lilikuwa mkate. Harusi ya Kibetawi haiwi harusi bila mkate wa mamba, mkubwa kama mto wa kulalia, kwa sababu Wabetawi husema mamba hachukui mke wa pili maisha yake yote. Abdulsamad akapeleka picha iliyochorwa kwa kalamu kwenye duka la mikate. Mwokaji alikuwa Mhindi wa Kerala, fundi hodari, ila mamba hajawahi kuombwa. Ulipotoka tanurini, mkate ulikuwa na mkia mfupi mnene na kichwa cha duara.

"Huyu si mamba," akasema Zuleha. "Huyu ni kenge."

"Kenge naye ana mke mmoja?" akauliza Abdulsamad.

"Sijui!"

"Basi na iwe hivyo," akasema Abdulsamad, akaubeba.

Ijumaa ya harusi, baada ya sala ya alasiri, watu wa Nizwa wakaingia mtaani na ngoma zao, wanaume safu mbili, panga zinametameta, wanaimba kwa kupokezana. Wanawake walikuwa wamejaa darini na madirishani. Mlango wa nyumba ulifungwa. Bi Mwanabaraka alikuwa amewekewa kiti kando ya mlango, nje kabisa, kwa kuwa mtu wa umri wake hapangiwi pa kukaa. Nyuma ya ubao wa mlango alisimama Zuleha ili afasiri. Mbele alisimama Rojali, amevaa nguo nyeusi na mkanda mpana wa kijani, mikono kifuani.

Ngoma zikanyamaza. Rojali akatema beti ya Kibetawi kwa sauti ya kuita watu sokoni, na Zuleha, aliyekesha siku tatu akiitafutia vina, akaitoa kwa Kiswahili kupitia mwanya wa mlango:

"Nenda sokoni ununue tende,
ukirudi upite mlimani;
ukitaka mwari akupende,
sema una nini kifuani."

Vigelegele vikamwagika kutoka darini. Laith akapiga hatua mbele. Alikuwa amefundishwa na Mazoon kwa simu wiki nzima, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Akajibu kwa Kiswahili, kila neno kama jiwe analolinyanyua:

"Maji ya falaji yashuka bondeni,
yanywesha mitende na ndimu pia;
nina Yasini hapa kifuani,
na jina la mwari limenikalia."

Bi Mwanabaraka akageuza kiti chake kizima kumtazama. "Mjukuu wa halua huyu!" akapiga kelele. "Nani kakufunza? Mfungulieni!"

"Bado, bibi!" akasema Zuleha kutoka ndani. "Kwanza apigane!"

Akatoka mjomba wake Laith, mzee mwenye ndevu nyeupe, hodari wa kurusha upanga hewani na kuudaka. Akauweka upanga pembeni kwa heshima, akakunja mikono ya dishdasha, kanzu ya Kiomani. Rojali akainama, akacheza hatua zake, taratibu, kiganja kinapita mbele ya uso kama anayefukuza inzi. Mzee akaruka kama wanavyoruka kwenye ngoma yao ya panga. Rojali akazunguka chini. Wakazungukana mara tatu, mara nne, wote wawili wameshaanza kuhema. Kisha mzee akanyoosha mkono akamgusa begani, kugusa tu, na Rojali akaanguka kwa ustadi mkubwa, akabingirika mara mbili, akatulia chali miguu juu. Watu wakapiga ukelele. Mzee mwenyewe alishtuka akamkimbilia kumwinua, akidhani amemuua.

Laith akasimama karibu na mlango, akasoma mwanzo wa Sura Yasini. Sauti yake, iliyotetemeka kwenye shairi, hapa haikutetemeka. Mtaa mzima ukatulia. Zuleha, kipaji cha uso kimegusa ubao, akasikiliza mpaka akamaliza aya. Kisha akavuta komeo mwenyewe.

Mazoon alikuwa nyuma yake, hina mpaka viwikoni, amesikia kila kitu. Akamkumbatia mama yake kabla hajamtazama mumewe. "Mama," akamnong'oneza, "watu wangu mimi pia, wote wanane." Zuleha akamrekebisha kilemba.

Bi Wadha, aliyekuwa ameingia na wanawake, alikuwa amesimama mbele ya mkate. "Huyu mnyama gani?" akauliza.

"Ni mamba," akasema Abdulsamad kwa uso mkavu, "wa Ibra."

Walipokuwa wanaweka sinia za wali, kelele ikasikika nje. Zuleha akapanda darini kutazama. Kule kiwanjani watu wa Nizwa walikuwa wamemzunguka Rojali, wanamwonesha kwa mikono wanachotaka. Walitaka kufunzwa kuanguka. Rojali akaelewa. Akawapanga safu, Khalaf wa kwanza, na nyuma yake wajomba na mabinamu, dishdasha nyeupe zilizopigwa pasi asubuhi, kofia zilizoshonwa kwa nyuzi za rangi. Akawahesabia kwa Kibetawi: satu, dua, tiga. Wote wakaanguka mchangani kwa pamoja, isipokuwa mjomba mmoja aliyeanguka peke yake baadaye, vumbi likapanda, wanawake darini wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Bi Mwanabaraka kutoka kitini akawaambia hawajui kuanguka, warudie.

Wakarudia. Zuleha alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akashuka haraka, kwa sababu wali wa watu mia mbili ulikuwa unapoa.